Ndege Zilizoruka kutoka Kamina, na Usiku wa Isiro



Hakuna kijana wa mji wetu asiyeijua kambi ya kijeshi ya Kamina, ile tunayoiita Baka. Wabelgiji walianza kuijenga mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Ulaya ilipokuwa ikiogopa vita vingine. Baada ya uhuru, askari wa Umoja wa Mataifa nao walikaa pale. Wengi wetu hupita karibu nayo bila kufikiri kwamba mahali hapo pamewahi kutajwa katika habari za dunia nzima. Lakini pamewahi, kwa siku chache za mwezi wa Novemba mwaka 1964. Ninataka tuzitafakari siku hizo pamoja, kwa kuwa zinatuuliza swali ambalo kila kijana aliyefiwa amejiuliza moyoni: Je, imani inamsaidia nini mtu ambaye msaada haukumfikia?

Tuanze na historia yenyewe. Mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa na miaka minne ya uhuru. Kujitenga kwa Katanga kulikuwa kumekwisha mwezi wa Januari 1963, na vidonda vyake vilikuwa vibichi bado. Upande wa mashariki watu wengi waliona kwamba matunda ya uhuru yameliwa na wachache. Kutokana na hasira hiyo yakazuka majeshi ya waasi walioitwa Simba, na mwanzoni mwa mwezi wa Agosti waliuteka mji wa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Tusisahau kwamba wengi wa Simba hao walikuwa vijana wa umri wenu, wengine wadogo zaidi. Waliambiwa kwamba dawa waliyonyunyiziwa ingezigeuza risasi kuwa maji. Waliua watu wengi, hasa Wakongomani wenzao: waliosoma, makarani, walimu, viongozi wa vijiji. Na majeshi yaliyokuja kuwafukuza, pamoja na askari wa kukodiwa kutoka nchi za nje, nao waliua raia wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Serikali ya Simba ilipoona inashindwa, iliwashika wageni mateka. Hapo ndipo Kamina inapoingia katika simulizi. Tarehe 17 Novemba ndege za Marekani ziliondoka Ubelgiji zikiwa zimebeba askari wa miavuli wa Kibelgiji. Zilitua katika kisiwa cha Ascension, katikati ya bahari ya Atlantiki, kisha tarehe 22 zikafika hapa kwetu. Alfajiri ya tarehe 24 askari hao walishuka kwa miavuli juu ya Stanleyville. Mateka kadhaa waliuawa barabarani kabla ya askari kuwafikia, lakini wageni zaidi ya 1,500 waliokolewa na kusafirishwa. Tarehe 26 askari hao hao walishuka Paulis, mji ambao leo unaitwa Isiro, wakawatoa mamia ya watu. Tarehe 27 waliondoka Paulis, wakarudi Kamina. Kisha walirudi kwao.

Sasa tazameni yaliyofuata. Tarehe 29 Novemba, siku mbili tu baada ya ndege kuondoka Paulis, lori la Simba lilifika Bafwabaka, kwenye nyumba ya masista wa shirika la Jamaa Takatifu. Masista hao walikuwa Wakongomani, na hapakuwa na ndege iliyotumwa kwa ajili yao. Walipakiwa wote katika lori hilo, zaidi ya thelathini pamoja na mama mkuu wao, Léontine Kasima. Waliambiwa kwamba wanapelekwa Wamba, ambako siku tatu tu kabla yake askofu wao, Joseph Wittebols, alikuwa ameuawa. Lakini wakapelekwa Isiro, yaani mji ule ule ambao askari wa miavuli walikuwa wameuacha. Katika kundi hilo alikuwamo sista mwenye umri wa miaka ishirini na minne, Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta.

Wengi wenu mlijifunza jina lake mkiwa wadogo, mlipovaa kitambaa cha Kizito-Anuarite shingoni. Lakini mara nyingi tunamjua Anuarite wa usiku wa mwisho tu, wala hatumjui Anuarite wa miaka iliyotangulia. Alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939, katika kabila la Wabudu, mtoto wa nne kati ya mabinti sita. Baba yake, Amisi, alikuwa askari katika jeshi la kikoloni na alipelekwa mbali wakati wa vita kuu ya pili. Aliporudi, alimwacha mama yao, Isude, kwa sababu alikuwa amemzalia watoto wa kike tu, akaoa mwanamke mwingine. Basi kabla ya kukutana na bunduki, binti huyu alikuwa ameonja huzuni ambayo baadhi yenu mnaijua vizuri: huzuni ya nyumba iliyovunjika, ya mama anayedharauliwa kwa jambo lisilo kosa lake, ya mtoto anayejiuliza kama yeye ndiye sababu. Alikua na uchungu huo, akausamehe. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake za kwanza. Katika nyumba ya Bafwabaka alifanya kazi za kawaida kabisa: alitunza sakristia, alipika, alifundisha watoto.

Yaliyotokea Isiro yanajulikana kutokana na ushuhuda wa masista wenzake waliosalimika. Usiku ule wa kuamkia tarehe 1 Desemba mkubwa mmoja wa Simba, aliyeitwa Ngalo, alimtaka Anuarite awe mke wake. Alikataa. Mama Kasima naye alikataa kumtoa, akaeleza kwamba hao ni watu waliojitoa kwa Mungu. Mkubwa mwingine, kanali Pierre Olombe, aliahidi kumlainisha. Alipojaribu kumwingiza kwa nguvu katika gari pamoja na sista mwenzake, Jean-Baptiste Bokuma, wote wawili walikataa, naye akawapiga kwa kitako cha bunduki. Sista Bokuma alivunjwa mkono. Anuarite alipigwa mpaka akaishiwa nguvu, lakini kabla ya kuanguka alimwambia yule aliyempiga kwamba anamsamehe, maana hajui atendalo. Kisha alichomwa kwa visu vya bunduki, mwishowe akapigwa risasi. Ilikuwa kama saa saba ya usiku. Inasimuliwa kwamba masista, wakiwa wamejikusanya kuuzunguka mwili wake, waliimba utenzi wa Bikira Maria, ule anaouimba Mama wa Mungu katika Injili ya Luka.

Vijana wapendwa, hapa hatuna budi kusema ukweli. Kama imani ingekuwa hirizi ya kuzuia mabaya, Anuarite asingekufa. Kutoka Kamina mpaka Isiro ni zaidi ya kilomita 1,200, na ndege zilikuwa zimeivuka njia hiyo yote. Zilifika katika mji ule ule. Zilimkosa kwa siku chache tu, na kwa sababu hazikutumwa kwa ajili ya watu kama yeye. Mwanahistoria ana haki ya kuuliza kwa nini maisha ya wengine yalipimwa kwa mizani tofauti. Mkristo pia ana haki hiyo. Kumpenda Mungu hakutuamuru tunyamaze mbele ya udhalimu.

Ninasema hivi kwa kuwa siku hizi tunahubiriwa imani ya namna nyingine. Tunaambiwa kwamba anayeomba vizuri hapatwi na msiba, na kwamba mgonjwa ambaye hakupona alikuwa na imani ndogo. Nimewasikia watu wakimwambia maneno hayo mama aliyetoka kumzika mtoto wake. Hilo ni jiwe juu ya jiwe. Tukumbuke kwamba hata Bwana wetu msalabani aliambiwa na waliomdhihaki kwamba ashuke, ajiokoe, ndipo wamwamini. Hakushuka. Anayefundisha kwamba imani ya kweli hujulikana kwa kuokolewa papo hapo, anarudia bila kujua hoja ya wale waliomdhihaki Kristo.

Kama nguvu ya imani si kuepushwa na msiba, basi ni nini? Historia ya siku zile inatuonyesha mambo matatu.

La kwanza ni kutomwacha mtu peke yake. Masista wa Bafwabaka wangeweza kutawanyika, kila mmoja akitafuta njia yake. Walishikamana. Mama Kasima angeweza kumtoa mmoja ili awaponye wengine thelathini na zaidi. Hesabu ya dunia ingemsifu. Hakufanya hesabu hiyo. Na si Isiro tu. Tarehe 28 Novemba 1964, siku moja kabla ya lori kufika Bafwabaka, huko Baraka karibu na ziwa Tanganyika, Simba walimwua Bruda Vittorio Faccin, mmisionari wa Kixaveri kutoka Italia. Mwenzake, Padri Luigi Carrara, alikuwa kanisani akiungamisha. Alitoka, akauona mwili wa ndugu yake, akapiga magoti kando yake, akauawa hapo hapo. Jioni ile ile huko Fizi waliuawa Padri Giovanni Didoné na Padri Albert Joubert, Mkongomani aliyezaliwa pwani ya Moba, katika Katanga ya zamani. Wote wanne walitangazwa wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Kitendo cha Padri Carrara hakikumfufua Faccin. Lakini kilitangaza kwamba kifo hakiwezi kuutenga upendo. Mtu aliye katika msiba hahitaji kwanza maelezo; anahitaji mtu wa kupiga magoti kando yake.

La pili ni uhuru wa kukataa chuki. Angalieni vizuri: Anuarite hakukubali uovu. Alikataa waziwazi, kwa sauti, mbele ya watu wenye silaha. Kusamehe kwake hakukuwa udhaifu wala kunyenyekea mbele ya nguvu. Alisema hapana kwa tendo, na akamwambia ndiyo mtu yule, akimwacha wazi mlango wa kutubu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyatofautisha ndiko kugumu. Mwenye kukataa bila kusamehe hubaki mfungwa wa adui yake. Mwenye kusamehe bila kukataa humwacha mwovu aendelee kuumiza wengine. Kwa hiyo msichana anayelazimishwa au kudhulumiwa asiambiwe kamwe kwamba msamaha maana yake ni kunyamaza. Anuarite mwenyewe hakunyamaza.

La tatu ni muda. Huzuni ina safari yake, nayo ni ndefu. Mwili wa Anuarite ulitupwa kwanza katika kaburi la wengi. Baadaye ulitafutwa, ukatambuliwa, ukazikwa kwa heshima. Miaka ikapita. Tarehe 15 Agosti 1985, katika sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenye heri huko Kinshasa, wa kwanza wa nchi yetu. Ilikuwa miaka zaidi ya ishirini tangu usiku wa Isiro. Wazazi wake walikuwapo: Isude, mama aliyeachwa kwa kuwa alizaa mabinti, na Amisi, baba aliyetaka mwana wa kiume. Fikirini juu ya jambo hilo. Nchi nzima ilimshangilia binti ambaye kuzaliwa kwake hakukutosha kumbakiza baba nyumbani. Na siku hiyo Papa alitangaza kwamba, kama Anuarite alivyosamehe, yeye pia kwa niaba ya Kanisa lote anamsamehe aliyemwua.

Wahenga walisema: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sifikiri kwamba shangwe za mwaka 1985 zilifuta uchungu wa Isude. Mama hapewi mtakatifu badala ya mtoto, kana kwamba ni malipo. Nguvu aliyopewa ni kuweza kusimama pale, na uchungu wake, bila uchungu huo kuwa neno la mwisho. Bwana wetu mwenyewe, aliyejua kwamba atamfufua Lazaro, alilia mbele ya kaburi lake. Kama yeye aliyekuwa na uwezo wa kufufua alilia, nani atawakataza ninyi machozi?

Sasa turudi nyumbani kwetu, Haut-Lomami. Hatuna Simba leo barabarani, lakini tuna matanga kila juma. Tunazika watoto waliokufa kwa malaria au surua, wamama waliokufa wakizaa, vijana waliopotea katika mashimo ya madini mbali na kwao. Na ninyi mnajua swali linalozunguka matangani kabla hata udongo wa kaburi haujakauka: nani amemla? Kisha macho yanamgeukia bibi mzee, mjane asiye na mtetezi, au mtoto yatima ambaye eti ana roho mbaya. Wengine hupigwa, wengine hufukuzwa nyumbani, na wapo wanaouawa. Hivyo msiba mmoja unazaa msiba wa pili, na familia iliyokuwa na mfu mmoja inakuwa na wawili.

Hapa ndipo Anuarite anapotugusa sisi watu wa Kamina. Yeye alimjua muuaji wake. Alikuwa amesimama mbele yake, akimwona kwa macho. Hata hivyo hakuacha chuki iwe neno lake la mwisho. Sisi mara nyingi hatuna muuaji yeyote. Tuna homa, tuna maji machafu, tuna hospitali iliyo mbali. Lakini tunamtafuta wa kumchukia ili huzuni yetu ipate mahali pa kushika. Kijana Mkristo anayesimama matangani na kusema kwa heshima, "Wazee wangu, bibi huyu hatutamgusa," anafanya kitu cha ukoo mmoja na kile alichofanya Mama Kasima usiku ule. Kitamgharimu. Pengine ataambiwa kwamba hakumpenda marehemu. Hapo ndipo atakapohitaji nguvu ya imani, na hapo ndipo atakapoipata.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya zamani. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa kijana kama ninyi, mwanachama wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, tena mfanyakazi wa serikali aliyekagua vyakula mpakani. Mwaka 2007 alikataa rushwa ili mchele ulioharibika usiingie sokoni na kuwadhuru maskini. Alitekwa na kuuawa mwezi wa Julai, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Alitangazwa mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025, wakati mji wake wa Goma ukiwa katika mateso ya vita vingine. Yeye pia hakuokolewa na mtu. Lakini wapo watu ambao hawakula sumu kwa sababu yake, nao hawajui hata kwamba wanamdai shukrani.

Basi imani haituahidi kwamba ndege itafika kwa wakati. Tuombe ifike, na tujenge nchi ambayo ndege zake hazichagui nani aokolewe. Lakini ikiwa haikufika, imani inatuahidi kwamba Kristo yuko tayari ndani ya chumba kile, miongoni mwa walioshikana mikono, na kwamba aliyekufa katika upendo hakupotea. Masista wa Bafwabaka waliliamini hilo usiku, kabla ya mtu yeyote kuwaletea habari njema.

Tunapokaribia tarehe 1 Desemba, siku ambayo Kanisa linamkumbuka Mwenye Heri Anuarite, ninawaalika mkutane katika vikundi vyenu na kujadiliana maswali haya:

1. Katika parokia yetu, ni nani aliyefiwa mwaka huu, na ambaye tumemwacha peke yake baada ya matanga kwisha? Tutamtembelea siku gani?

2. Katika familia zetu, kuna mzee au mtoto anayetajwa kuwa mchawi kwa sababu ya kifo fulani? Tunaweza kumlinda namna gani, pamoja na nani?

3. Ni lini msamaha ni nguvu, na ni lini unatumiwa vibaya ili kumnyamazisha aliyeumizwa? Mwenendo wa Anuarite unatufundisha nini juu ya tofauti hiyo?

Mwisho wa mkutano, wenye marehemu wao wayataje majina kwa sauti, jina moja moja, bila haraka. Kisha imbeni ule utenzi wa Maria, kama walivyouimba masista wale Isiro.